Ombi gani utalikataa? Kisa cha maswali ya vita na fedha, Chake Chake

Kikundi cha vijana wa Chake Chake, Pemba, kilitaka kufanya mdahalo wa kuigiza: wagombea wawili wa urais wa Jamhuri ya Muungano, wawili wa urais wa Zanzibar, mwendeshaji mmoja na ukumbi wa skuli uliojaa watu. Wagombea wa kuigiza, vyama vya kubuni, ila maswali yalitakiwa yawe ya kweli, yale ambayo mgombea halisi angeyakwepa akiweza. Mada walijichagulia wenyewe, vita na matumizi ya serikali. Niliombwa nikae nao wakati wa kuyatunga. Ninachoeleza hapa ni safari ya maswali hayo, na khasa pale yalipokwama.

Rasimu ya kwanza ilibandikwa ukutani. Swali la juu kabisa lilisema: "Mheshimiwa mgombea, una mikakati gani ya kudumisha amani ya nchi yetu na kuhakikisha matumizi mazuri ya fedha za umma?" La pili: "Je, utahakikisha nchi yetu haiingii vitani?" La tatu lilikuwa na sauti kubwa kuliko mengine: "Kwa nini nyinyi viongozi mnatafuna fedha za wanyonge?"

Aliyeigiza mgombea ni maalim mmoja mstaafu, mwalimu mkuu wa zamani, mtu wa maneno. Alikaa kitini, akaiweka sawa kofia yake ya viua, akayajibu yote matatu bila kumeza mate. La kwanza: "Nakushukuru sana mwanangu kwa swali zuri. Amani ni tunu, na fedha za umma ni amana." La pili: "Nahakikisha." La tatu: "Wanaozitafuna, nitawatafuna mimi." Ukumbi ukapiga makofi.

Msichana aliyeandika la tatu hakupiga. "Maalim, hujajibu," akasema.

"Hujaniuliza," maalim akamjibu.

Alikuwa na haki. Swali la "una mikakati gani" humfungulia mgombea ilani yake asome anapopataka. Swali la "utahakikisha" linajibiwa kwa neno moja lisilomgharimu kitu. Na swali la hasira humpa mgombea zawadi kubwa kuliko yote mawili: humruhusu naye akasirike, tena upande wa wananchi. Ukali wa sauti na ukali wa swali ni vitu viwili mbalimbali, na vijana wengi tuliokaa nao waliingia wakidhani ni kimoja.

Anaulizwa nani?

Kilichotuchukua muda mrefu zaidi si maneno, ni anwani. Mzanzibari siku ya uchaguzi mkuu hupiga kura tano: Rais wa Muungano, Rais wa Zanzibar, mbunge, mwakilishi na diwani. Kura mbili za urais siku moja, na madaraka ya marais hao wawili hayafanani. Vijana walikuwa wameliandika swali la vita kwa wagombea wote wanne, neno kwa neno, kwa kuamini kwamba huo ndio usawa.

Maalim akahamia kiti cha mgombea wa Zanzibar. Akaulizwa: "Jeshi la nchi jirani likivuka mpaka, utaamuru nini?" Akatabasamu. "Ulinzi ni jambo la Muungano, mwanangu. Hilo kamuulize mwenzangu wa Dodoma." Akanyamaza, na dakika yake ikapita bila jasho.

Sheria iko upande wake. Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 inaorodhesha mambo ya Muungano, yaliyoanza 11 mwaka 1964 na sasa ni 22, na Ulinzi na Usalama yamo. Ibara ya 44 inampa Rais wa Muungano uwezo wa kutangaza hali ya vita. Akishatangaza, nakala inakwenda kwa Spika, na Spika anatakiwa aitishe Bunge ndani ya siku 14 liamue kama linaunga mkono. Rais wa Zanzibar hatangazi vita, na anayemuuliza kana kwamba anatangaza amemuachia njia ya kutokea.

Lakini njia hiyo inazibika. Ibara ya 54 ya Katiba hiyohiyo inamtaja Rais wa Zanzibar kuwa mjumbe wa Baraza la Mawaziri la Muungano. Kwa hiyo yumo chumbani. Swali likaandikwa upya: "Umekaa kwenye Baraza la Mawaziri la Muungano. Linaletwa pendekezo la kupeleka wanajeshi nje ya nchi, na wewe huridhiki nalo. Utasema nini humo ndani, na ukirudi Unguja utawaeleza nini Wazanzibari?" Maalim alilisoma mara mbili, akasema, "Hili baya." Ndiyo sifa ya kwanza aliyotupa siku ile.

Tukagundua pia kwamba mgombea wa Zanzibar hakosi watu wenye sare. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ) ina Idara Maalum zake, yaani vikosi vyake yenyewe: KMKM ya kuzuia magendo, JKU ya kujenga uchumi, Mafunzo (magereza), Zimamoto, Valantia. Hao mishahara yao inapita kwenye bajeti inayosomwa Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi. Akisema ulinzi haumhusu, aulizwe hivyo vikosi anavihudumia kwa kiasi gani, na KMKM inaongezewa boti au inapunguziwa. Jambo la mikopo ya nje nalo limo kwenye orodha ya Muungano. Mgombea wa Zanzibar anayeahidi barabara kwa mkopo wa nje ana haki ya kuulizwa atakubaliana vipi na upande wa pili, na mkataba ukichelewa barabara itajengwa kwa fungu gani.

Sababu, uwezo, nia

Kijana mmoja alikuja na wazo la Kagera. Jeshi la Idi Amin wa Uganda liliingia eneo la Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba sababu ya kumpiga tunayo, uwezo wa kumpiga tunao, na nia ya kumpiga tunayo. Hakuna Mtanzania aliyesoma ambaye hajayasikia maneno hayo. Kijana akasema, basi tumuulize mgombea hayo matatu.

Maalim hakungoja hata swali liishe. "Sababu ninayo, uwezo ninao, nia ninayo!" Ukumbi ukaangua kicheko, na wazo likafia hapo.

Kama kipimo, mimi bado nayaona maneno yale ni bora. Lakini kila mtu anayajua kwa moyo, na swali ambalo jawabu lake limo midomoni mwa watu halimtoi mtu jasho. La maana zaidi ni vitu viwili ambavyo kauli ile haikuvitaja: mwisho, na malipo. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Baada ya hapo Nyerere akawaambia wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, na miezi 18 ikapita, hali ikazidi kuwa ngumu hadi ndani ya miaka ya themanini. Watu wazima wa Pemba wanaikumbuka vizuri, sabuni na sukari na nguo kupatikana kwa taabu. Siyasemi haya kuikosoa vita yenyewe, nchi ilivamiwa. Nasema swali la vita lisilokuwa na bili ndani yake limekatwa nusu.

Kwa wenzetu wa Marekani

Mdahalo wa urais wa kwenye televisheni ni mila ya Marekani tangu Kennedy na Nixon mwaka 1960, na vijana walikuwa wameangalia vipande kwenye simu. Tulivitumia kama vielelezo, kwa sababu huko maswali ya vita na fedha yameulizwa mengi na matokeo yake yanajulikana.

Lililotufaa kuliko yote ni la tarehe 26 Septemba 2008, mjini Oxford, Mississippi. Benki zilikuwa zinaanguka na serikali inajadili mpango wa uokozi wa dola bilioni 700. Mwendeshaji Jim Lehrer hakuwauliza Barack Obama na John McCain kama wanaupenda mpango. Aliwauliza, kwa kuwa fedha hizo zinatoka, wataacha nini katika walivyoahidi? Obama akataja zaidi vitu ambavyo hataviacha, McCain akazungumzia kupunguza matumizi. Lehrer akarudia. Wakazunguka tena. Akarudia tena. Mwishowe McCain akatamka jambo: matumizi yote yasimamishwe yalipo isipokuwa ulinzi, wastaafu wa jeshi na stahiki za wananchi. Obama akamjibu kwamba hilo ni kutumia shoka pale panapotaka kijisu. Hapo ndipo mtazamaji alipoiona tofauti yao, na ilipatikana kwa swali fupi lililorudiwa na mtu asiyepandisha sauti.

La pili ni la Richmond, Virginia, tarehe 15 Oktoba 1992. Mwananchi wa kawaida aliwauliza George Bush, Bill Clinton na Ross Perot deni la taifa limewagusa vipi wao wenyewe katika maisha yao. Kiuchumi swali halikunyooka, maana alichokusudia ni ugumu wa maisha na si deni lenyewe. Lakini Bush alibabaika nalo, akasema hana hakika amelielewa, na Clinton akamsogelea yule mama akamuuliza yeye limemgusa vipi. Swali la mwananchi halihitaji usanifu wa mwandishi wa habari. Tulikubaliana maswali mawili yaachwe kwa watu wa ukumbini, yasiguswe.

Tarakimu ni habari nyengine. Mwaka 2004 mgombea John Kerry alisema vita ya Iraq imegharimu dola bilioni 200, wakati zilizokuwa zimetumika mpaka siku ile ni kama bilioni 120. Zilizobaki ni za kutarajiwa. Wapinzani wake wakaishika tarakimu hiyo badala ya kujibu hoja ya vita. Nilipowaeleza vijana kisa hiki, mmoja alikwenda ukutani akafuta tarakimu nne alizozipata kwenye kundi la WhatsApp. Sheria tuliyojiwekea ni kwamba tarakimu iingie kwenye swali ikiwa tu imo kwenye hotuba ya bajeti au ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, na ikiwa swali haliwezi kusimama bila yake. Mgombea akipata kosa la tarakimu, dakika nzima ataila hapo.

Baba zangu na wanangu

Swali la matumizi lilizaliwa vibaya. Kijana wa Wete aliandika: "Baina ya pensheni jamii na vikosi vya SMZ, utapunguza nini?" Kwa macho lilionekana kali. Pensheni jamii ilianza Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee aliyefika miaka 70, awe alikuwa mtumishi wa serikali, mvuvi au mchuma karafuu. Hakuna nyumba Pemba isiyoijua. Kuigusa ni kugusa moto.

Maalim akajibu: "Wazee ni baba zangu, na vikosi ni wanangu. Mtu hupunguza watu wake?"

Makofi tena. Ugonjwa wa swali lile ni kwamba chaguo lilikuwa la muulizaji. Mgombea hakuwahi kusema atapunguza kimojawapo, kwa hiyo analikataa chaguo lenyewe na watu wanamuunga mkono. Tulikaa nalo sana. Kilichotusaidia ni kile cha Lehrer: utaacha nini katika ulivyoahidi *wewe*. Orodha iwe yake, si yetu. Na ile "endapo" tunayomwekea mgombea isiwe ya kubuni hewani. Zanzibar tunayo endapo iliyokwishatokea. Mwaka 2020 corona ilipozuia ndege, hoteli za Nungwi na Paje zikafungwa, na utalii unachangia zaidi ya robo ya pato la visiwa hivi. Serikali yoyote inaweza kuamka asubuhi ikakuta mapato yameyeyuka.

Rasimu ya mwisho ikawa hivi: "Mheshimiwa, umetuahidi mambo mengi katika ilani. Mwaka 2020 utalii ulisimama na mapato ya Zanzibar yakaanguka. Likitokea tena, ahadi ipi kati ya hizo utaisimamisha ya kwanza?"

Hakuna tarakimu, hakuna tuhuma. Kuna mwaka, kuna jambo lililotokea, na kuna neno moja linalobana: *ya kwanza*. Nilipendekeza tuongeze na bajeti ya Zanzibar ya 2024/25 iliyozidi shilingi trilioni 5, kuonesha ukubwa wa mzigo. Vijana wakakataa, wakasema trilioni hakuna anayeiona kwa macho, na kila mtu ukumbini anajua ahadi ni nini. Nikawaachia.

Mikia mitatu

Swali la vita kwa mgombea wa Muungano lilibaki mwisho, nalo ndilo lililokuwa na utajiri mwingi. Watanzania wengi wanasema nchi yetu haina vita. Kuvamiwa na jeshi la nchi nyengine tangu Kagera, la. Kupeleka wanajeshi, tumepeleka. Machi 2008, Jakaya Kikwete akiwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, wanajeshi wetu walishuka Anjouan, kisiwa cha Komoro, pamoja na wa Sudan na wa Komoro wenyewe kumng'oa Mohamed Bacar, kiongozi wa kisiwa hicho aliyekataa kuachia madaraka. Unguja ina nyumba nyingi zenye asili ya Ngazija, kwa hiyo hiyo haikuwa habari ya mbali. Mwaka 2013 Tanzania iliingia kwenye kikosi maalumu cha Umoja wa Mataifa mashariki mwa Kongo pamoja na Afrika Kusini na Malawi. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Semuliki ilivamiwa na walinda amani wetu wasiopungua 14 wakauawa. Halafu Msumbiji kuanzia 2021 chini ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na Kongo tena, chini ya SADC hiyohiyo, kuanzia Desemba 2023.

Rasimu ilisema: "Kabla ya kupeleka kikosi nje, utawaeleza wananchi lengo, tarehe ya kurudi, na fungu litakalolipia?" Ni mambo ya maana yote matatu. Lakini swali lenye mikia mitatu humruhusu mgombea ashike ule laini. Maalim alishika lengo: "Lengo letu siku zote ni amani ya bara letu." Tarehe na fedha hakuzigusa, na hakuna aliyegundua mpaka alipokwishakaa.

Kuna kijana aliyetaka tuanze na familia moja iliyopoteza mtoto Semuliki, na jina lake litajwe. Tulibishana. Nilimkumbusha Bernard Shaw wa mwaka 1988, mwendeshaji aliyemfungulia mgombea wa Marekani Michael Dukakis mdahalo kwa kumuuliza kama angetaka adhabu ya kifo endapo mkewe mwenyewe angebakwa na kuuawa. Dukakis alijibu kikavu na alihukumiwa kwa hilo, lakini watu wanabishana mpaka leo kama swali lenyewe lilikuwa la haki. Marehemu wa watu si pambo la swali. Semuliki ibaki kwa mahali na tarehe. Wenye msiba wanajijua.

Aliyelitatua ni yule msichana wa swali la hasira. Alisema, mgombea yeyote anaweza kueleza kwa nini atapeleka askari. Tumuulize lini *hatapeleka*. Akaandika: "Tanzania imepeleka wanajeshi Anjouan, Kongo na Msumbiji. Ombi la aina gani kama hayo wewe utalikataa?"

Tarehe ya kurudi na fungu la fedha zikahamishiwa kwenye kadi za maswali ya kufuatilia, kila kadi jambo moja.

Kadi hizo zilitaka mafunzo yake, kwa sababu ya adabu. Pemba kijana hamkatizi mzee maneno, na mwendeshaji alikuwa na umri wa kuwa mjukuu wa maalim. Mara ya kwanza aliona haya, akaachia jawabu la pembeni lipite. Nikawaonesha mwandishi wa habari Max Frankel, kwenye mdahalo wa mwaka 1976, Rais Gerald Ford wa Marekani aliposema Umoja wa Kisovieti hauitawali Ulaya Mashariki. Frankel hakumkemea. Aliuliza tena, kwa mshangao, kama amemsikia sawasawa. Ford akapata nafasi ya kujisahihisha, akaikataa, akaanza kutaja Yugoslavia, Romania na Poland. Mwendeshaji wetu akatunga yake: "Shikamoo yangu iko palepale, mheshimiwa. Nimekusikia kuhusu amani ya bara. Swali langu lilikuwa ombi utakalolikataa." Akalisema kwa sauti ya upole, huku anamtazama. Kwa maoni yangu lilikuwa kali kuliko lolote lililowahi kubandikwa ukutani, kwa sababu ukumbi mzima ulikumbushwa swali lilikuwa nini.

Kwenye mazoezi ya mwisho maalim alifikishwa kwenye swali la ahadi ya kwanza. Akasema, "Sitasimamisha hata moja. Nitaongeza mapato." Mwendeshaji akachomoa kadi: "Mapato hayo yataingia lini, mheshimiwa, na mpaka yaingie, nani atasubiri?" Maalim akacheka, akaomba arudiwe swali, akarudiwa. Akasema, "Watasubiri makandarasi." Kutoka nyuma mtu akapiga kelele kwamba yeye ni fundi wa mkandarasi na ana miezi hajalipwa, watu wakaanza kuzozana, na mshika saa akagonga meza muda ukiwa umekwisha. Vijana walikaa usiku ule wakibishana kama jawabu lile lingempa kura au lingemkosesha. Kadi wakaiacha kama ilivyo, ila wakaisogeza iwe ya pili, kabla ya ile ya tarehe ya kurudi.